Ukienda kuangalia mafundi na moto wao, fika asubuhi

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye siku ya mafundi na wabunifu hapa Lubumbashi, nilivaa kama mtu wa harusi: kitenge kipya, viatu vya wazi, nywele za kuunga hadi mabegani. Mpwa wangu aliniambia kutakuwa na wazee wanaoyeyusha shaba hadharani, vijana wenye roboti za maboksi, na msichana anayezungusha mipira ya moto. Nikadhani ni tamasha la kukaa kwenye kiti na kupiga makofi. Jioni nilirudi nyumbani, komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na tundu la ukubwa wa punje ya mahindi kwenye pindo la kitenge, na lengelenge juu ya kidole cha mguu. Na sikuwa nimeelewa kitu, maana nilifika saa tisa, roboti zote zimeshaisha betri.

Kazi yangu ni kubobina mota, yaani kutoa waya zilizoungua na kufunga mpya. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya mtu wa mikono, na kama unatafuta pa kupiga picha nzuri tu, basi soma habari za mavazi uache mengine.

Fika saa mbili asubuhi, kabla hata meza hazijapangwa. Wanaoandaa watakutazama vibaya kidogo. Wasalimie, jitolee kubeba meza moja, watakuzoea. Saa hiyo ndipo mashine zinakataa, na mashine inayokataa inafunguliwa. Mchana ikishawaka inafunikwa, mwenye nayo anaanza kuhutubia, na utakachoona ni kifuniko.

Mwaka jana nilimkuta kijana mmoja amechuchumaa mbele ya mkono wa roboti wa maboksi. Hakukuwa na mota hata moja ndani yake. Mabomba manane ya sindano, nne kwenye kishikio na nne kwenye viungo, yameunganishwa kwa mipira myembamba iliyojaa maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Ukisukuma sindano ya huku, ya kule inajikunjua. Alikuwa anasukuma, mkono unanyanyuka nusu halafu unatetemeka.

"Mama, jana ilikuwa inabeba chupa ya maji. Leo inakataa."

Nikamwomba anisogezee ule mpira kwenye mwanga. Katikati palikuwa na kipovu cha hewa, kirefu kama punje ya mchele. Hapo ndipo siri yote. Maji hayabanwi, ukiyasukuma huku yanasukuma kule. Hewa inabanwa, kwa hiyo nguvu ya kidole chake ilikuwa inaishia kukibana kile kipovu. Alichomoa mpira, akauzamisha ndani ya ndoo pamoja na sindano, akajaza upya chini ya maji, akaugongagonga kwa ukucha hadi povu la mwisho likatoka. Dakika kumi. Chupa ikapanda. Waliofika mchana waliona mkono unaobeba chupa, wakasema "ee, vijana wa siku hizi", wakapita.

Mavazi sasa. Pamba, kuanzia juu hadi chini. Nailoni na poliesta haziungui tu, zinayeyuka na kushika ngozi, na nywele nyingi za kuunga ni za jamii hiyohiyo, kwa hiyo zifunge ndani ya kitambaa cha pamba. Kitenge cha pamba halisi ni sawa. Kama hujui chako ni cha nini, chomoa uzi mmoja uuchome nyumbani: wa pamba unaacha majivu laini, wa nailoni unaacha kidonge kigumu. Viatu vya kufunika vidole, na suruali ishuke juu ya kiatu, isichomekwe ndani, maana cheche ikiingia humo haina pa kutokea. Shughuli nyingi za moto hufanywa kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha, na mwezi wa sita na wa saba jioni zetu ni za baridi kweli. Watu huja na majaketi ya mitumba yanayong'aa, yote nailoni, halafu wanausogelea moto ili wapate joto. Chukua sweta ya pamba au blanketi la sufu.

Kwenye kuyeyusha shaba ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu huku kwetu jambo hili si mchezo wa kuiga. Misalaba ya shaba ya Katanga, jimbo letu hili, ilikuwa fedha kabla ya fedha, imekutwa ndani ya makaburi ya kale kule Sanga, na mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo 1960. Wazee wanaoonyesha kazi hii hujenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wanatia makala, yaani mkaa, wanavuta mivukuto. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi. Ukiona ndimi za moto zinageuka kijani pembeni, ujue shaba iko kazini.

Kabla ya kuchagua pa kusimama, angalia vitu vitatu. Kwanza upepo: uwe mgongoni kwako. Pili, chini ya kalibu, ule umbo wanamomimina shaba. Kama wanamimina juu ya mchanga mkavu, wanajua kazi. Kama wanamimina juu ya sementi tupu, rudi nyuma hatua kumi hata kama hakuna anayerudi, kwa sababu sementi ina maji ndani yake, na maji yakiguswa na shaba ya moto yanakuwa mvuke mara moja, yanavimba zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na kipande cha sakafu kinaruka pamoja na shaba. Lengelenge langu lilitoka hapo. Ndiyo maana pia hupaswi kumpelekea fundi chupa ya maji wakati anamimina, hata ukimhurumia vipi. Ndoo inayofaa kukaa karibu na chuma kilichoyeyuka ni ya mchanga mkavu.

Tatu, angalia wanachotia ndani ya chungu. Mimi huwauzia hawa wazee waya zangu zilizoungua, najua zinapaswa kufikaje. Waya ukiingia na plastiki yake juu, moshi wake ni sumu. Ondoka na uwaambie watoto waondoke. Wakitia vipande vya bomba la rangi ya njano, lile lenye zinki ndani, kuwa mwangalifu zaidi. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka, kwa hiyo inatoka kama moshi mweupe mzito. Ukiuvuta, jioni unatetemeka kama mwenye malaria, na unaweza kumeza dawa za malaria bure.

Aluminiamu ndiyo mjanja kuliko wote. Mafundi wa sufuria huiyeyusha kutoka kwenye injini kuukuu, kwenye nyuzi 660 tu, na haiwi nyekundu kama shaba. Inabaki nyeupe, inang'aa, inaonekana baridi. Sufuria iliyotoka kwenye kalibu sasa hivi na iliyotoka jana zinafanana kabisa. Usiguse. Leta mgongo wa mkono wako umbali wa shubiri moja, ngozi itakujibu.

Wacheza moto usiku: mafuta yao yawe ya taa. Ukiona chupa ya petroli karibu na mipira ile, nenda nyumbani, hakuna sanaa hapo. Mchezaji mzuri ana mtu wa pembeni mwenye taulo la pamba lililoloweshwa, na mtu huyo hatazami simu. Simama mbali kiasi kwamba mnyororo wenye mpira wa moto ukimponyoka usikufikie. Usimwite jina akiwa anazungusha.

Maswali. Watu wengi huuliza "hii ni bei gani?" au "ulifundishwa wapi?", na fundi anajibu kwa uchovu kwa sababu amejibu mara arobaini. Muulize kilivunjika mara ngapi. Muulize sehemu gani aliitafuta muda mrefu, na sasa ametia nini badala yake. Atakaa chini. Ukimkuta mzee, mwite Papa, mpe mkono, subiri amalize pumzi. Hawa watu wa tanuru wanaongea moto ukishuka tu. Picha uombe, hasa kwa vijana ambao kazi yao bado ni siri ya mtihani.

Chakula utakikuta, bukari, yaani ugali, na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, havikosekani, lakini beba maji yako na noti ndogo za franga. Watoto wa chini ya miaka saba waje asubuhi kwenye roboti, warudi kabla ya moto. Betri ya simu ijazwe nyumbani.

Wapi pa kwenda? Shule za ufundi hufungua milango mwisho wa mwaka, uliza tu. Bienale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ambayo kikundi cha wasanii kiitwacho Picha kiliyaanzisha 2008, si ya mafundi, lakini ndipo utaona kazi kama za Jean Katambayi Mukendi, mtu wa hapahapa aliyesomea umeme na anayejenga mashine za ajabu kwa maboksi na waya wa shaba. Nilisimama mbele ya moja nikawa nahesabu mizunguko ya waya badala ya kuangalia uzuri, tabia ya kazi. Na zile roboti za barabarani za aluminiamu alizozibuni Thérèse Izay, zilizoanza kuongoza magari Kinshasa 2013, mtu wa mikono anaweza kuzitazama saa nzima: bega lake, kiwiko chake, paneli ya jua juu ya kichwa.

Wenye pasipoti na akiba, maonyesho ya mafundi na wabunifu yaitwayo Maker Faire yalianza California 2006 na yale ya Afrika yakaanza Accra 2009. Kwa moto mkubwa kuna tamasha la AfrikaBurn, jangwani Tankwa Karoo, Afrika Kusini, tangu 2007. Huko kinachouzwa ni barafu peke yake. Chakula, maji, hema, vyote unabeba mwenyewe, na takataka zako unarudi nazo. Sijafika. Mpwa wangu anaweka akiba, mimi namwambia aanze kwa kununua viatu.

Jambo la mwisho ni kubaki. Watu huondoka moto ukizimwa, saa mbili usiku wamekwisha. Mwaka jana nilibaki na Papa mmoja na mjukuu wake. Alipasua kalibu kwa nyundo ndogo, msalaba ukatoka mweusi, mbaya, umejaa mchanga, haufanani kabisa na ile ya kwenye vitabu. Mkono mmoja ulikuwa mfupi. Aliugeuza akanionyesha pale shaba ilipopoa kabla haijafika mwisho wa njia, akasema alimimina polepole mno kwa sababu watu walikuwa wanampiga picha. Kisha akakata kile kishina cha shaba kinachobaki kwenye mdomo wa kalibu, akanipa. Nakitumia kukandamiza karatasi za wateja mezani. Kina mchanga hadi leo.