Potulaka za kufunika ardhi, jua la Dar haliziwezi

Kama una kauwanja ka mchanga pale mbele ya geti na majani mengine yote yanakauka, weka potulaka aisee, yale maua ya majani manene yanayofunguka jua likiwaka na kufunga jioni. Mbegu hauhitaji, omba vipande kwa jirani, kata kama sentimita 10, toa majani ya chini, acha kivulini siku moja kidonda kikauke ndo uchomeke kwenye mchanga uliochanganya na samadi kidogo tu. Maji usimwagie mpaka udongo ukauke kabisa, maana kinachoziua ni maji yakituama, hasa masika Machi hadi Mei, kwa hiyo inua tuta mapema. Zikirefuka punguza ncha, zitatanda vizuri mno.