SOMO: Nesi unayehama jimbo, leseni itangulie mizigo

Habari za zamu, wapendwa. Nilihama Minnesota kuja Texas, hapa Marekani, na tangu hapo hazipiti siku nyingi bila mtu kuniuliza nilianzia wapi. Wengi huanza na nyumba, shule ya watoto, gari la mizigo. Leseni wanaikumbuka wakishafika, kisha wanakaa miezi bila mshahara.

Hatua ya 1: Leseni

Kuna mkataba wa majimbo ambao wengi tunauita kompakti. Sura yake ya sasa ilianza Januari 2018. RN (nesi aliyesajiliwa) au LPN (nesi wa ngazi iliyo chini yake) mwenye leseni ya kompakti anafanya kazi katika majimbo yote yaliyomo. Texas, Arizona, Georgia, North Carolina na Washington yamo. California, New York, Oregon na Minnesota nilikotoka hayamo.

Ukitoka jimbo la kompakti kwenda jingine la kompakti, usidhani umemaliza. Leseni hiyo inafuata makazi yako. Tangu tarehe 2 Januari 2024, ukishahamia una siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya. Kazi unaweza kuanza kwa ile ya zamani huku ukisubiri. Makazi yanathibitishwa kwa vitu kama leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura au fomu za kodi, kwa hiyo foleni ya leseni ya udereva iwahi mapema.

Ukitoka nje ya kompakti kama mimi, unaomba kwa endosimenti, yaani jimbo jipya linakupa leseni kwa kuitambua ile uliyo nayo. Hurudii NCLEX, ule mtihani wa taifa wa leseni ya unesi. Baraza la wauguzi la jimbo jipya linataka uthibitisho wa leseni yako ya zamani, na kwa majimbo mengi unapitia Nursys, tovuti ya kuthibitisha leseni za manesi, dola 30 kwa kila leseni na kila baraza unalolipelekea. Texas wana pia mtihani wao wa sheria za uuguzi, unafanyika kwa intaneti. Usiudharau, lakini usikukoseshe usingizi.

Kilichonichelewesha mimi ni alama za vidole, wanazozitaka ili wakague kama una rekodi ya uhalifu. Miaka ya kunawa na kujipaka jeli ya mikono imeniparuza vidole mpaka mistari haisomeki. Yule mama wa mashine alinishika kidole gumba, akakibonyeza kwenye kioo mara nne, mashine ikagoma mara zote nne. Za vidole vingine, zilizopita, nazo zikarudishwa kuwa hazionekani vizuri. Wiki nzima nililala nimejipaka Vaseline na kuvaa soksi mikononi, mume wangu ananicheka, ndipo zikakubali. Anza kupaka mafuta kabla ya miadi.

Hatua ya 2: Usiondoke mikono mitupu

Siku ya mwisho kazini wanakufungia akaunti, na chochote kilichomo humo utakiomba kwa barua pepe zisizojibiwa. Kwa hiyo, kabla hujaaga, chapa rekodi za chanjo (surua, tetekuwanga, homa ya ini B), kipimo cha TB, vyeti vya BLS na ACLS (mafunzo ya kuokoa maisha ya mgonjwa moyo ukisimama). Chukua pia namba binafsi ya simu ya chaji nesi (nesi msimamizi wa zamu) aliyekuona ukifanya kazi. Idara ya rasilimali watu itathibitisha tarehe zako tu, yeye ndiye atakayesema wewe ni nesi wa namna gani.

Hatua ya 3: Kuomba

Kwenye wasifu wako usiandike tu "niliwahudumia wagonjwa". Sema wodi gani, vitanda vingapi, wagonjwa wangapi kwa zamu, mfumo gani wa kumbukumbu, kwa mfano Epic. Na juu kabisa, chini ya jina, andika mji unaohamia na mwezi. Anwani ya jimbo la mbali peke yake inamfanya mwajiri akuruke.

Hatua ya 4: Usaili

Nawe uliza. Usiku nesi mmoja anapewa wagonjwa wangapi? Mafunzo ya kuanzia ni wiki ngapi? Nitahamishwa wodi nyingine mara ngapi? Wakikutajia bonasi ya kusaini, omba uone karatasi: nyingi zina kifungu cha kurudisha hela ukiondoka kabla ya muda. Mimi bonasi kubwa kwenye wodi ndogo hunitia wasiwasi. Najiuliza waliotangulia walikimbia nini.

Bima ya afya ya kazi mpya inaweza isianze siku ya kwanza, na COBRA, yaani kuendelea na bima ya kazi ya zamani kwa kujilipia, una siku 60 za kuamua kuichukua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni CNA (msaidizi wa nesi), nahamia Texas mwezi ujao. Kompakti inanihusu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Haikuhusu, hiyo ni ya RN na LPN. Wewe unaomba rejista yako ya CNA ihamishiwe Texas. Hakikisha bado ni hai huko uliko: ukikaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya uuguzi ya kulipwa, sheria ya taifa inakurudisha kwenye mafunzo au mtihani. Anza kabla ya kuacha kazi.

Swali: Dada, natoka Texas kwenda California na leseni ya kompakti. Si wataikubali kwa muda?

Jibu: Hawaikubali hata siku moja. Omba leseni ya California sasa, ukiwa bado na mshahara wa Texas. Ukishakuwa mkazi wa kule, ile ya Texas nayo inabaki ya Texas tu. Uvumilivu wako una malipo: sheria yao inaweka kikomo cha wagonjwa 5 kwa nesi kwenye wodi ya kawaida na 2 ICU. Texas hatuna kikomo cha namna hiyo.

Swali: Mwajiri ndiye aliyeniombea grini kadi na bado haijatoka. Naweza kuhama?

Jibu: Hapo kaka mwone wakili wa uhamiaji kwanza, umpelekee na mkataba wako wa kazi. Mimi kwenye sindano sawa, kwenye uhamiaji sikudanganyi.

Swali: Zile soksi ni za pamba au za nailoni?

Jibu: Pamba, mpenzi. Za nailoni mafuta yote yanaishia kwenye mto.