Unapenda bunduki za kale za kijeshi na mfuko hausomi? Anzia hapa

Kuna watu wakiona picha ya Mauser ya Mjerumani wanapagawa kabisa, mimi mmojawapo, afu wanaingia mtandaoni wanakuta jamaa wa Marekani kapanga bunduki za vita ukutani sebuleni na wao wanataka hivohivo. Mkuu, Bongo haiko hivo. Silaha hapa zina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, bila leseni huruhusiwi kukaa nayo, na usijidanganye kwamba hii imeliwa na kutu, mtutu umeziba, babu aliiacha darini toka enzi za mkoloni kwahiyo sio silaha tena. Ukiikuta kwenye nyumba ya urithi usiipakie kwenye bodaboda kuipeleka popote, waite polisi waje wenyewe, na huwa wanatangaza vipindi vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa. Risasi au bomu la zamani ndo kabisa, liache lilipo upige 112, sisi wa Dar tuliopitia milipuko ya mabomu ya Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011 hatuhitaji semina ya hilo.

Sasa kwa bajeti ya kawaida, bunduki yenyewe kaitazame makumbusho, unachokusanya ni vile vitu vilivyotembea nayo. Sarafu, noti, stempu, nishani, picha, beji za kofia. Halali, vidogo, unaanza hata na kimoja kwa mwezi.

Chagua vita moja kwanza. Ukianza kuokota kila kitu chenye sura ya kijeshi, baada ya mwaka una droo ya takataka. Kwa sisi vita rahisi kuanza nayo ni ile ya 1914 mpaka 1918 maana ilipiganwa hapahapa na mabaki yake bado yanazunguka. Isome kupitia bunduki zake, itakusaidia sana wakati wa kununua. Vita inaanza askari wengi wa Mjerumani walikuwa na Mauser ya 1871, inapiga baruti ya zamani yenye moshi mzito, ukifyatua tu adui kashajua ulipo. Novemba 1914 pale Tanga Waingereza wakapigwa wakakimbia wakaacha bunduki zaidi ya mia nne na risasi kama laki sita, afu Aprili 1915 meli ya Mjerumani, Rubens, ikafika ghuba ya Manza na Mauser za kisasa, modeli ya 98. Kwahiyo mtu akikuuzia picha ya "askari wa 1914" unaangalia kashika nini mkononi, sio unaangalia rangi ya karatasi tu.

Kitu cha kwanza kununua, na hapa sina mjadala, ni heller 20 ya Tabora ya 1916, sarafu ya Mjerumani. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, Mjerumani akaanza kujipigia zake Tabora kwenye karakana ya reli. Zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na nyingi zimekaa vibaya, chapa imeenda upande, unene haulingani. Huo ubovu ndo uzuri wake. Chini ya mwaka kuna herufi T. Zilipigwa nyingi kwahiyo iliyochakaa bei yake inavumilika, tofauti na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, hiyo waachie wenye nazo. Ukiletewa ya tembo kwa bei ya kitonga ujue unapigwa, ya kweli ina gramu 7 na kidogo na upana wa milimita 22, mzani wa sonara utamaliza ubishi dakika moja.

Baada ya hapo kuna noti za dharura za 1915 hadi 1917, nyingine zilichapwa kwa mihuri ya mpira kwenye karatasi za hovyo, rupia moja ndo unaanzia. Stempu ni rahisi zaidi, tafuta zile zilizopigwa chapa ya G.E.A. (German East Africa) baada ya Muingereza kuingia. Zilizoandikwa Mafia ziogope, feki ni nyingi mno.

Nishani zina ujanja wake. Za Muingereza za Vita ya Kwanza kwa kawaida zina jina na namba ya mwenyewe ukingoni, zungusha usome. Zile nyota za Vita ya Pili, mfano ya Burma, kwa kawaida zilitolewa bila jina, kwahiyo muuzaji akikwambia hii ya mzee fulani wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Muingereza la Afrika Mashariki) kutoka Songea na hana karatasi wala picha, lipia nyota tu, stori asikuuzie. Beji za KAR nazo zinafyatuliwa upya kila siku.

Halafu mitumba. Utakutana na jaketi za kombati soko la Karume nzuri balaa, ila chochote cha JWTZ au kinachofanana na sare zao achana nacho, raia hatakiwi kuwa nacho na "mi nakusanya tu" sio utetezi. Na usiende kuchimba kwenye viwanja vya mapigano kule Mahiwa au Tanga, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali, na chini kule kuna watu wamelala.

Kununua, pita kwa wauza vinyago Mwenge, wengi wana kikopo cha sarafu za zamani pembeni. Ukienda Zanzibar pita maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe ila bei za kule ni za watalii, jitahidi usionekane una haraka. Usiulize ile unayoitaka kwanza, ulizia tatu zingine. Wazee wa mtaani kwako pia wana vitu, ila kwa wazee nenda na heshima yako, shikamoo, kaa, sikiliza, na kama familia haitaki kuuza omba upige picha tu. Picha nayo ni mkusanyiko.

Bunduki zenyewe? Anza na Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert. Sanamu ya Askari, Samora, ya 1927, simama uichunguze, watu wanapita kila siku hawajawahi kuangalia kashika nini. Ukifika Mombasa, Fort Jesus kuna mzinga wa Königsberg, meli ya vita ya Mjerumani iliyozamia Rufiji Julai 1915.

Utunzaji: usisugue sarafu na ndimu wala brasso, ukishaing'arisha umeua thamani. Joto la Dar na chumvi ya bahari vinakula shaba, kwahiyo tumia bahasha za karatasi, tupia vile vipakti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usifunge kwenye gazeti. Kwenye kila bahasha andika ulinunua wapi, lini, kwa bei gani na muuzaji alisema nini, hata kama unahisi alikuwa anakudanganya.