Somo: Kuthibitisha njama na hila katika kesi ya mauaji

Wengi hudhani njama haithibitiki mpaka apatikane aliyeketi nao wakipanga. Mtu huyo ni nadra kupatikana, na sheria yetu ya Kenya haimdai.

Nitumie mfano wa kubuni, wa aina tunayoijua sana Magarini na Ganze, kaunti ya Kilifi. Mzee ana shamba, na watoto wa nduguye wameanza kumwita mchawi. Usiku anaitwa nje: "Baba, kuna mgonjwa." Anatoka, anakatwa mapanga. Mmoja aliita, mmoja alikata, wa tatu alingoja barabarani na pikipiki.

Hatua ya 1: Shtaka. Kifungu cha 224 cha Kanuni ya Adhabu, njama ya kuua, adhabu yake haizidi miaka 14. Mzee ameshakufa, kwa hiyo shikeni vifungu vya 203 na 204, mauaji na adhabu yake, mkiegemea kifungu cha 21: walioungana kwa nia moja haramu, alilotenda mmoja katika kuitimiza huhesabiwa limetendwa na wote, mradi lilikuwa tokeo la kutarajiwa la nia hiyo.

Hatua ya 2: Kifo na chanzo chake. Ripoti ya daktari aliyepasua maiti, na shahidi aliyeutambua mwili. Basi.

Hatua ya 3: Nia ovu, kifungu cha 206. Kesi ya Tubere ya 1945 ingali dira: angalia silaha, ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla, wakati na baada ya tendo. Hila huingia hapa. Ufilipino hila huupandisha uuaji hadi daraja zito zaidi. Kwetu si sharti la kosa, ila ni ushahidi mkali. Anayemtoa mtu kitandani kwa uongo hawezi kudai ghadhabu ilimpanda ghafla.

Hatua ya 4: Nia ya pamoja. Kesi nyingi hufia hapa. Tangu kesi ya Tabulayenka, 1943, mahakama husema mapatano ya awali si lazima: nia husomwa katika kuwepo, kutenda na kutojitenga. Basi pangeni matukio kwa saa. Nani alionekana na nani mangweni, penye kunywewa mnazi, jioni ile? Nani alimpigia nani, pesa zilitumwa lini? Rekodi za simu ziletwe na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Hata hivyo, rekodi huonyesha kwamba waliongea. Waliongea nini, haisemi. Kifungu cha 10 huruhusu maneno ya mmoja kuhusu lengo lao yatumike dhidi ya wote, mradi kuna sababu ya kuamini walikula njama. Aliyoyasema kituoni baada ya kukamatwa hayapiti mlango huo. Kukiri kuna masharti yake, kifungu cha 25A, na mpelelezi wa kesi hiyo haruhusiwi kupokea kukiri huko.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, wa bodaboda akisema alikodiwa tu?
Huenda ni kweli, na kuwepo pekee hakumtii hatiani. Je, alizima taa? Aliona damu akanyamaza? Alibeba panga? Akigeuzwa shahidi, kifungu cha 141 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu, lakini jaji atatafuta wa kumuunga mkono, maana mshiriki ana sababu ya kujiokoa.

Na aliyetoa pesa, usiku ule alikuwa Mombasa?
Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyeshawishi au aliyetuma kuwa mtenda kosa. Umbali haumsaidii.

Wakipatikana na hatia, lazima kitanzi?
Hapana. Tangu uamuzi wa Muruatetu wa Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo katika mauaji. Jaji husikiliza utetezi wa kupunguziwa adhabu kwanza. Hapo hila hupimwa upya, na familia ina nafasi ya kutoa taarifa ya madhara yaliyowapata. Iandikeni mapema, mkishirikiana na kiongozi wa mashtaka, msingoje siku ya hukumu.