Wasiwasi wa usaili huanzia nyumbani: namna ya kuzipanga siku za kutafuta kazi

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtafiti Marie Jahoda na wenzake walichunguza maisha ya Marienthal, kijiji cha Austria ambako kiwanda kilichokuwa kikitegemewa na karibu kila familia kilikuwa kimefungwa. Waliwakuta wanaume wakitembea polepole barabarani na kushindwa kueleza siku yao imeishaje. Vitabu vya maktaba viliazimwa kwa uchache kuliko zamani, ingawa muda wa kusoma ulikuwa umeongezeka. Kazi ilipoondoka, iliondoka na ratiba, na watu wa kukutana nao, na sababu ya kuamka mapema.

Anayeingia chumba cha usaili akitoka kwenye wiki sita za maisha hayo huwa ameshachoka kabla ya swali la kwanza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na siku za kawaida, kisha unafika kwenye intavyuu.

Saa za kutafuta kazi ziwe na mwanzo na mwisho

Chagua saa tatu hadi nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mfano saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Anza na lililo gumu zaidi, yaani kuandika maombi, kichwa kikiwa bado hakijachoka. Kusoma matangazo mapya kufuate baadaye, kisha kuwasiliana na watu, na nusu saa ya mwisho iwe ya kufanya mazoezi ya kujibu maswali kwa sauti. Ikifika saa saba, funga.

Kosa kubwa hapa ni kushinda na simu kutwa ukiperuzi matangazo. Ukilala umechoka kabisa, na ukihesabu ulichotuma hukuti hata ombi moja kamili. Matangazo ya saa nne usiku yatakuwepo kesho asubuhi, lakini usingizi ukishapotea haurudi usiku huohuo. Saa ya kuamka isibadilike, hata Jumamosi, na utoke nje kutembea dakika 30 asubuhi.

Kila ombi liandikie mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, kazi, mwajiri, CV uliyotuma ni ipi, siku ya mwisho ya maombi, siku ya kufuatilia, matokeo. Hifadhi na tangazo lenyewe, hata kwa kulipiga picha ya skrini. Matangazo mengi huondolewa muda ukipita. Ukiitwa wiki tatu baadaye utabaki hujui walitaka nini.

Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha pa kurekebisha. Ukituma maombi 15 hadi 20 ya kazi unazostahili na usipigiwe simu hata moja, tatizo lipo kwenye karatasi au kwenye aina ya kazi unazoomba: soma tangazo upya, pigia mstari sifa zinazotakiwa, na hakikisha zile ulizonazo kweli zimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa CV kwa maneno yaleyale ya tangazo, kwa kuwa baadhi ya waajiri hutumia programu ya kompyuta kuchuja maombi. Ukiitwa mara tatu au nne na kuishia hapo, iache CV, ukashughulikie majibu yako. Watu wengi hufanya kinyume, wakaandika CV upya kila wiki ilhali haina kasoro.

Usisahau watu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba waliopata kazi kupitia watu walisaidiwa mara nyingi na wale wanaoonana nao kwa nadra, kuliko marafiki wa karibu. Sababu ni nyepesi: rafiki wa karibu anajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Andika majina 20 ya waliosoma nawe, mliofanya kazi pamoja, wateja wa zamani, kisha andikia watatu kila wiki. Usiombe kazi, omba taarifa, maana ombi dogo ni rahisi kulijibu:

"Habari za siku nyingi, kaka. Natafuta kazi ya uhasibu, hasa upande wa mishahara, na nakumbuka uliwahi kuifanya. Naomba dakika kumi nikuulize wanaangalia nini zaidi kwa mwombaji. Nikupigie siku gani?"

Na anayekutaka utume pesa ndipo uitwe kwenye usaili ni tapeli. Matapeli humwinda hasa mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi.

Uchungu wa kazi iliyopita

Ukiwa bado una hasira na mwajiri aliyekuachisha, hasira hiyo itajitokeza mbele ya jopo, hata kama maneno yako ni ya adabu. Mwaka 1994 watafiti Spera, Buhrfeind na Pennebaker walichapisha utafiti juu ya wataalamu walioachishwa kazi. Baadhi yao waliandika mawazo na hisia zao kuhusu kuachishwa kwao, dakika 20 kwa siku, siku tano mfululizo. Hao walipata kazi mapema kuliko wenzao, ingawa hawakutuma barua nyingi zaidi wala kupiga simu nyingi zaidi.

Fanya hivyo kabla hujaitwa kokote. Andika bila kujali tahajia, usimwonyeshe mtu, na ukimaliza unaweza kuchana.

Mwili unapotetemeka

Mikono baridi, mdomo mkavu, moyo kwenda mbio: hiyo ni adrenalini. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana, unapeleka damu kwenye misuli mikubwa na kupunguza mate. Haina maana kwamba huijui kazi.

Usijilazimishe kutulia papo hapo. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks alichapisha majaribio ambamo watu waliokuwa na hofu walijiambia "nimesisimka" kabla ya kuhutubia, kuimba au kufanya hesabu, nao wakafanya vizuri zaidi ya waliojiambia "nimetulia". Hofu na msisimko vyote huupeleka moyo mbio, kwa hiyo kuhama kutoka kimoja kwenda kingine ni rahisi kuliko kuulazimisha moyo upoe. Jiambie kwa sauti, "nina hamu ya kuzungumza nao".

Pumzi husaidia kama imezoezwa. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6, kwa dakika tatu hadi tano. Utoaji mrefu ndio unaopunguza mapigo ya moyo. Wanaopata kizunguzungu au ganzi vidoleni huwa wanavuta pumzi nyingi kwa haraka, na hewa ya kabonidayoksaidi inapungua mno mwilini. Fanya hivi kila siku nyumbani kwa wiki mbili. Usisubiri kujaribu mara ya kwanza ukiwa mlangoni mwa jopo.

Kahawa: kama huinywi kila siku, siku hiyo iache, kwa sababu baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kama umeizoea, kunywa kiasi chako kilekile, maana kuikosa huleta maumivu ya kichwa. Dawa za kutuliza za kuazimwa usiziguse kabisa. Nyingine hupunguza kumbukumbu, na zile za kushusha mapigo ya moyo zinaweza kumdhuru vibaya mwenye pumu.

Mazoezi ya kujibu

Hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi. Wengi hujiandaa kwa kuyawaza majibu kichwani, na kichwani kila jibu huwa zuri. Kinachokwama siku ya usaili ni mdomo, kwa hiyo zoeza mdomo.

Andaa matukio sita ya kweli kutoka kazini, masomoni au kwenye kazi ya kujitolea: tatizo ulilotatua, mgogoro na mtu, kosa ulilolirekebisha, jambo uliloliongoza, kazi ya haraka, jambo ulilojifunza upya. Kila tukio liwe na hali, jukumu lako, hatua ulizochukua na matokeo. Lisizidi dakika mbili, na zaidi ya nusu ya muda huo uende kwenye hatua. Mfano wa mtunza stoo:

"Kila mwisho wa mwezi hesabu ya stoo ilikuwa na upungufu. Nikapewa jukumu la kutafuta chanzo. Nilianza kuhesabu kila Ijumaa badala ya kusubiri mwezi uishe, nikagundua upungufu unatokana na mizigo ya jioni, ambayo ilipokelewa bila kuhesabiwa. Nikaweka utaratibu wa watu wawili kuhesabu na kusaini kila mzigo. Baada ya miezi miwili hesabu zikalingana."

Jibu hilo halina sifa hata moja ya kujipamba, lakini anayelisikia anajua anazungumza na mtu makini. Angalia pia anavyosema "nilianza", "nikagundua". Ukisema "tulifanya" kila mahali, jopo litashindwa kujua wewe ulifanya nini, na kwenye karatasi yao hakuna mahali pa kuwapa alama wenzako.

Usikariri neno kwa neno. Aliyekariri akisahau neno moja hupotea kabisa, na swali likigeuzwa kidogo hujibu lisiloulizwa. Kwa kila tukio andika maneno matano tu kwenye kadi, kisha lisimulie huku simu ikirekodi. Sikiliza mara moja ukikagua mambo matatu: kasi, sentensi ya kwanza, na kama kuna matokeo mwishoni. Rudia siku nyingine. Ukishasimulia vizuri mbele ya simu, keti mbele ya ndugu au rafiki, kisha mbele ya mtu unayemheshimu na kumwogopa kidogo. Huyo wa mwisho ana faida kuliko wote, kwa sababu mbele yake mwili unaonja wasiwasi ukiwa mahali salama.

Swali la "tueleze kuhusu wewe" lina sekunde 60 hadi 90. Sema wewe ni nani kitaaluma, mambo mawili uliyoyafanya yanayofanana na kazi hii, na kwa nini umeiomba. Sentensi ya kwanza tu ndiyo unayoruhusiwa kukariri, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zenye hofu kubwa.

Kuhusu miezi uliyokaa bila kazi, jibu fupi linatosha: "Kampuni ilipunguza wafanyakazi na nafasi yangu ikaondolewa. Tangu wakati huo nimesoma kozi ya hesabu kwa kompyuta, na nimekuwa nikisaidia kuweka vitabu vya biashara ndogo. Nafasi hii inahitaji mambo hayo mawili." Kisha nyamaza. Wanaoharibu hapa ni wanaoeleza kwa dakika tano, wanaomsema vibaya mwajiri wa zamani, na wanaobadilisha tarehe. Tarehe huulizwa kwa wadhamini, na uongo mdogo wa miezi mitatu humnyima mtu kazi aliyoistahili.

Siku yenyewe

Ipite njia siku moja kabla, saa ileile. Fika dakika 15 kabla ya muda. Ukifika saa nzima kabla, utakaa ukiilisha hofu. Nguo ulizochagua zijaribu ukiwa umekaa. Ikiwa usaili ni wa mtandaoni, kamera iwe usawa wa macho na mwanga utoke mbele yako, na uwe na namba ya kupiga mtandao ukikatika.

Ukiwa na mikono inayotetemeka, usishike karatasi moja hewani, kwa kuwa karatasi hukuza mtetemo hata watu wa mbali wakauona. Weka folda mezani, mikono juu yake. Sauti ikitetemeka, mara nyingi umebana pumzi: toa hewa, vuta, ndipo uanze sentensi. Wasaili wakiinamia karatasi bila kukutazama, usidhani wamekudharau. Wengi wanajaza alama za jibu lako.

Akili ikifunga ghafla, kuna sentensi za kukuokoa, nazo zizoeze pamoja na majibu mengine: "Naomba sekunde chache nifikirie." "Naomba kurudiwa sehemu ya pili ya swali." Na kwa usilolijua: "Hilo sijawahi kulifanya. Nililofanya linalokaribia ni hili..." Ukimya wa sekunde tano kwako ni mrefu sana, kwa jopo ni mtu anayefikiri.

Baada ya kutoka

Ndani ya saa moja andika maswali yote waliyouliza na mahali ulipokwama. Dakika 20 zinatosha, kisha funga daftari, kwa kuwa akili itataka kurudia jibu baya usiku kucha na huwezi tena kulibadilisha. Kesho yake tuma shukrani ya mistari mitatu, na saa tatu asubuhi uendelee na maombi mengine. Wanaosimamisha kila kitu wakingoja jibu moja hupoteza mwezi, na likija la kukataliwa huwakuta hawana kingine mkononi.

Siku waliyoahidi kukujibu ikipita kwa wiki moja, uliza mara moja kwa heshima. Ukikataliwa, omba jambo moja la kuboresha, usilalamike. Wengi hawatajibu.

Ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili usingizi na hamu ya kula vimetoweka, au huoni tena maana ya chochote, nenda kwa daktari au mhudumu wa afya ya akili. Ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu wa karibu leo hii na uende hospitali akiwa nawe, usiende peke yako. Maombi ya kazi yanaweza kusubiri hadi upate nafuu.