Mdogo wako yuko gereza la Kasapa, Lubumbashi, na makuta ya avoka hakuna? Anza na namba

Watu wengi wasio na pesa ya avoka (wakili) wanakimbilia Baro, chama cha maavoka, moja kwa moja. Nami nilikimbilia huko, nikarudishwa kama mtoto aliyesahau daftari nyumbani.

Kitu cha kwanza ni namba ya dosie, faili ya kesi. Ikiwa bado iko parke, ofisi ya waendesha mashtaka, inaitwa kwa RMP, namba ya rejista ya parke. Ikishafikishwa tribinali (mahakama) inapewa namba nyingine, RP. Hapo ndipo nilipoacha siku kumi na mbili. RMP ya mdogo wangu nilikuwa nimeiandika hadi kwenye Biblia ya mama, na kila asubuhi mtu wa dirishani anapitisha kidole kwenye rejista: "Haiko, mama, rudi kesho." Kumbe dosie ilishahama zamani. Aliyenifungua macho ni mlinzi wa mlangoni, na hakuomba hata ya sukari. Kwa hiyo usiulize "iko wapi?" Uliza: "Imeshatumwa tribinali? Tribinali gani? RP yake ngapi?"

Andika na tarehe, maana avoka ataanza nazo. Hati ya magistra wa parke ya kumshika mtu kwa muda ni ya siku 5. Baada yake jaji anatoa siku 15, kisha anaongeza mwezi kwa mwezi. Siku unayompelekea bukari (ugali) gerezani, mwambie ndugu yako akukumbushe lini alipelekwa mbele ya jaji.

Kisha karatasi ya umaskini, ya kuonyesha huna makuta ya kulipa avoka. Unapitia kwa shefu wa kartie (mtaa), halafu kwa watu wa Afeere Sosiale, ofisi ya mambo ya jamii. Mimi nilivaa kikwembe changu cha misa, na dada wa biro akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Vaa cha kila siku. Na usiache orijinali popote: yangu "ilihifadhiwa" kwenye biro moja, nikaanza upya kwa shefu. Toa fotokopi tatu.

Sasa ndiyo Baro, kwenye ile biro ya mashauri ya bure, BCG. Barua inaandikwa kwa Batonie, mkubwa wa Baro: jina la ndugu, namba, tarehe aliyokamatwa, anashtakiwa nini. Ukurasa mmoja unatosha. Kilio cha familia utamwelezea avoka mwenyewe.

Avoka atakayepangwa, kazi yake hailipwi na wewe. Wangu aliomba ya taksi, nikatoa. Mara ya pili nilimwambia sina, akaja vilevile.