Utepe wa rangi ukikatika ndani ya printa ya vitambulisho
Utepe wa printa ya kadi ukikatika katikati ya kazi, usiutupe. Inyooshe kwa mkasi ncha iliyoraruka, ibandike kwa selotepu kwenye mrija wa upande wa utepe uliokwisha kutumika, kwa upana wote na bila kukunjamana, kisha uzungushe mrija huo kwa mkono hadi selotepu yenyewe ifunikwe na mizunguko miwili mitatu ya utepe. Hapo usifanye haraka: selotepu ikibaki chini ya kichwa cha joto, yaani sehemu inayopasha utepe moto ili rangi ihamie kwenye kadi, gundi yake huyeyuka na kukichafua, na kichwa ni ghali kuliko tepe kadhaa. Mpangilio wa rangi hauharibiki, kwa kuwa zimepakwa kwa vipande vinavyofuatana, yaani manjano, majenta, samawati, nyeusi na tabaka angavu la kinga, na kihisi cha printa hutafuta kipande cha manjano kabla ya kuanza kadi mpya. Unachopoteza ni nafasi ya kadi moja au mbili. Hata hivyo, ukikatika tena baada ya kadi chache, kuunga hakutasaidia: punguza joto la kichwa, hasa kwa picha zenye weusi mzito unaofika ukingoni, na ufute vumbi kwenye kadi.